Babu kashazikwa, jina lake bado limefungiwa kabatini

Nimepotea muda mrefu, najua, na kuna wenzangu wa vimbwetani walishaanza kusema nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa. Nilikuwa TP wiki nane, nimerudi juzi na vumbi langu, na leo sina hadithi za maharage ya shuleni wala za kile chumba nilichopangishiwa chenye popo (hizo zinakuja, subirini). Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu neno moja la herufi sita: python.

Wale wenzangu wa Kiswahili na Historia msikimbie. Mimi nasoma ualimu kama nyie, wala si mtaalamu wa kompyuta, na ndo maana hili jambo limeniuma. Nitaeleza polepole.

Python ni lugha ya programu. Aliianzisha Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, akaitoa mwaka 1991. Ukishaandika programu yako kwenye faili, tuseme wastani.py, unafungua lile dirisha jeusi, terminali, unaandika jina la lugha halafu jina la faili: python wastani.py. Unabonyeza Enter. Kompyuta inasoma, inafanya kazi. Ndivyo vitabu vingi vilivyofundisha miaka nenda rudi, ndivyo nilivyofundishwa mwaka wa pili, na ndivyo nilivyoandika kwenye desa langu la kufundishia.

Sasa hii lugha ilikuwa na toleo la 2, la mwaka 2000. Desemba 2008 likaja toleo la 3, na wenyewe wakasema wazi kwamba halitaelewana na la 2. Zamani uliandika print "Shikamoo" ikakubali. Kwenye 3 lazima uweke mabano, print("Shikamoo"), la sivyo inakugomea. Zamani ukigawa 7 kwa 2 ulipata 3, ndiyo, tatu, nusu ilitupwa jalalani. Kwenye 3 unapata 3.5 kama alivyokufundisha mwalimu wako wa darasa la tano. Kwa hiyo matoleo mawili yakaishi nyumba moja, mzee na kijana. Mzee akawa anaitwa python, kijana akaitwa python3 ili wasichanganyane. Hapo sina ugomvi kabisa. Babu akiwa hai na mjukuu kapewa jina lake, ukiita "Juma!" uani wataitika wawili, lazima mmoja umuongezee kitu.

Lakini babu alistaafu, wadau. Kwanza walisema angestaafu 2015, mwaka 2014 wakamuongezea mpaka 2020. Tarehe 1 Januari 2020 matunzo yakaisha. Aprili 2020 likatoka toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, kama khanga ya kumfunika, na basi. Hakuna marekebisho tena, hata likipatikana tundu la usalama, waliokuwa wakimtunza hawaligusi. Januari 2021 hata pip, ile programu ya kuongezea vifurushi vya Python, ikatoa toleo lisilomtambua.

Nauliza swali la kijijini kabisa. Babu Juma amezikwa, arobaini imeshapita. Ukiita "Juma" nani aitike?

Kwenu jibu ni rahisi. Kwenye kompyuta nyingi za Ubuntu jibu ni: hakuna Juma humu ndani.

Nisimulie ilivyokuwa. Kidato cha tatu, kipindi cha pili cha wiki yangu ya tatu, dakika 80. Maabara ina kompyuta 14, zinazowaka 11. Sita zina Ubuntu 22.04, tano zina Windows 10. Intaneti hakuna. Python kwenye zile za Windows niliingiza mwenyewe kwa flashi jioni ya siku iliyotangulia, zile za Ubuntu nilikuta imo tayari, nikamshukuru Mungu. Na kule nyuma, kwenye kiti cha plastiki, amekaa msimamizi wangu kutoka chuoni na fomu yake ya tathmini. Mnaijua ile fomu. Mnajua na ile sura.

Somo lilikuwa zuri, nilijipanga. Tunatafuta wastani wa alama mbili za mwanafunzi, 45 na 50. Nimeandika ubaoni kila kitu mpaka mstari wa mwisho: python wastani.py. Haya, endesheni.

Safu ya Windows wakapata 47.5, wakashangilia. Safu ya Ubuntu kimya. Kisha mikono ikaanza kupanda. "Madam, imekataa." "Madam, yangu inasema not found." Kwenye kioo Ubuntu inaandika kwamba amri python haikupatikana, halafu inauliza kama ulimaanisha python3. Nikasema kwa sauti ya kujiamini (sikuwa nayo): andikeni python3. Safu ya Ubuntu wakapata 47.5. Nikapumua.

Kosa langu ni kwamba nilisema kwa darasa zima, na watoto ni watiifu. Safu ya Windows nao wakabadilisha. Sasa, Python ile ya kawaida uliyoipakua kwenye tovuti yake na kuiweka kwenye Windows inakuja na python, na py, lakini haikuletei python3. Na Windows 10 yenyewe ina kitanzi chake: ukiandika python3 peke yake inakufungulia duka la Microsoft. Duka! Kwenye maabara isiyo na intaneti! Watoto watatu wanaangalia dirisha tupu linalozunguka, wawili wanaambiwa Python haipo wakati dakika mbili zilizopita ilikuwepo na imewapa jibu.

Binti mmoja wa mbele, mkimya, hajawahi kuuliza kitu tangu nifike, akanyoosha mkono. "Madam, hii ni ya tatu. Ya kwanza na ya pili anafundisha nani?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lake lina akili kuliko mpangilio wote huu. Nikaanza kueleza habari za babu na mjukuu, dakika zinaenda, kalamu ya msimamizi inaenda. Ule mjadala ulikula dakika 35. Wastani wa alama tukauacha njiani. Na nilipokusanya madaftari jioni nikakuta mvulana mmoja wa safu ya Ubuntu ameandika chini ya kazi yake: nilikosea amri, madam akanirekebisha.

Hakukosea! Mtoto aliandika jina la kitu alichoambiwa anajifunza. Aliyekosea ni mtu mzima aliyeamua kwamba lugha inaitwa Python, tovuti inaitwa Python, kitabu kinaitwa Python, somo linaitwa Python, lakini ukiita Python isiitike.

Mwenzangu wa chumba anasoma sayansi ya kompyuta. Nilipomsimulia alinihurumia dakika moja, kisha akaanza kuwatetea. Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Nampa haki yake, hoja zake si za kipuuzi.

Kwanza akaniambia kuna waraka, unaitwa PEP 394, uliandikwa mwaka 2011 kupanga hasa jambo hili kwenye Linux na ndugu zake. Uliandikwa kwa sababu Arch Linux, Oktoba 2010, waliamua kukurupuka wakaifanya python imaanishe 3 wakati dunia nzima bado inatumia 2, na programu za watu zikaanza kuvunjika. Waraka ukasema kwa sasa python imaanishe 2, na anayetaka uhakika aandike python2 au python3. Sawa. Mwaka 2011 mimi nilikuwa shule ya msingi, na nadhani walikuwa sahihi. Babu alikuwa hai, tena ana nguvu.

Lakini baadaye waliurekebisha huo waraka, karibu na kustaafu kwenyewe, na wakaandika nini? Kwamba kila msambazaji achague: python iwe 2, au iwe 3, au isiwepo kabisa, au mwenye mashine apange mwenyewe. Yaani baraza la ukoo limekaa, limekunywa chai, limeamua kila nyumba ijue yenyewe. Fedora 31, Oktoba 2019, wakachagua 3. Red Hat toleo la 8, Mei 2019, wakaliacha jina tupu, mwenye mashine apange. Ubuntu 20.04, Aprili 2020, jina likawa tupu. Debian 11 mwaka 2021, hivyo hivyo. Apple nao Machi 2022, kwenye macOS 12.3, wakaiondoa Python 2 na jina likaondoka nayo. Nyumba tano, majibu mawili au matatu. Halafu mwalimu wa kidato cha tatu ndo aeleze.

Hoja yake ya pili ndiyo nzito. Akasema: hebu fikiria kuna programu ya zamani, iliandikwa 2009, iko kwenye kompyuta ya ofisi fulani, mstari wake wa kwanza unaita python. Iliandikwa kwa ajili ya 2. Ukilipa toleo la 3 hilo jina, hiyo programu itaendeshwa na 3, na huenda isivunjike, itoe tu jibu tofauti bila kusema kitu. Wastani uliokuwa 47 utakuwa 47.5. Afadhali ipige kelele "haipo" kuliko idanganye kimya kimya.

Nilikaa kimya hapo, nakiri. Kwa mtu wa mahesabu hiyo inaogopesha.

Lakini nikaifikiria usiku. Programu nyingi za 2 zikiangukia mikononi mwa 3 hazidanganyi, zinaanguka pale pale mlangoni, kwa sababu ya print isiyo na mabano. Ni programu gani ya 2009 haina print hata moja? Zikivuka hapo zinakwama kwenye raw_input, ambayo kwenye 3 haipo. Zile za kugawanya kimya kimya zipo, sikatai. Ila hata huo ugawanyaji, Guido na wenzake walishakubali mapema kwamba wa zamani ulikuwa na kasoro, na tangu toleo la 2.2, mwaka 2001, kulikuwa na njia ya kuomba ugawanyaji wa kisasa ndani ya 2 yenyewe. Onyo limetoka 2001. Kustaafu kumetangazwa, kumeahirishwa, kumefanyika. Mwenye programu ambayo hakuigusa muda wote huo, na bado anaiendesha kwa toleo lisilotunzwa, huyo ana python2 yake, aiite kwa jina hilo. Aliyekaa na cha zamani ndiye abebe namba.

Na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Kwenye huu mpango kuna gharama, na gharama lazima mtu ailipe. Ama ailipe fundi mwenye programu za zamani, mtu mzima, mwenye intaneti, anayejua terminali kama nyumbani kwao, abadilishe neno moja kwenye mstari wa kwanza wa faili zake. Ama ailipe mtu anayefungua dirisha jeusi kwa mara ya kwanza maishani. Ubuntu na Debian wamemchagua wa pili. Hawakukusudia ubaya, walikuwa wanawaza mashine zao. Lakini wamemchagua.

Mwenzangu akaniambia basi sakinisha kifurushi, kipo. Kinaitwa python-is-python3. Wadau, nilicheka mpaka machozi, kwi kwi kwi. Tafsiri yake ni "python ni python3". Kifurushi kizima cha programu, kimetengenezwa, kinatunzwa, kinasambazwa, na kazi yake pekee ni kuelekeza jina moja kwenye jingine. Mnajua kwamba sentensi hiyo ni kweli, mmeiandika mpaka kwenye jina la kifurushi, sasa kwa nini isiwe kweli mpaka niiombe? Na kuiomba kunataka intaneti na nywila ya msimamizi wa mashine. Maabara yangu haikuwa na intaneti, na fundi aliyeziweka zile kompyuta aliondoka na nywila kichwani mwake.

Akasema weka alias, haihitaji nywila. Kweli, niliweka, kompyuta moja moja, sita. Ukifunga dirisha imepotea mpaka uiandike kwenye faili lililofichwa, na hata ukiiandika, programu inayoita python kwenye mstari wake wa kwanza haiioni. Na mtoto akienda kwenye kompyuta ya kaka yake nyumbani tunaanza upya.

Halafu kuna hili la venv. Ukitengeneza mazingira yako ya kazi ndani ya hiyo hiyo Ubuntu, yale wanayoyaita venv, ukiyawasha na kuandika python... inaitika! Ni toleo la 3, safi, bila kifurushi, bila alias. Kwa hiyo neno lililokuwa hatari sebuleni linaruhusiwa chumbani. Mwenzangu anasema kuna sababu, ndani ya venv toleo ni moja tu, hakuna utata. Nikamuuliza, na huku nje kwenye Ubuntu mpya kuna matoleo mangapi? Akanyamaza. Kuna moja.

Angalieni wenzao. Java imepita matoleo chungu nzima na bado unaandika java. PHP ilitoka 5 ikaenda 7 mwaka 2015, mambo mengi yalibadilika, na bado unaandika php. Na waliotaka kuachana kabisa wana mfano mzuri wa kuiga, watu wa Perl. Walitangaza Perl 6 mwaka 2000, ikakua ikawa kitu kingine kabisa, na Oktoba 2019 wakakubali kuipa jina lake, Raku. Perl ile ya zamani bado inatunzwa, inaitwa perl. Raku inaitwa raku. Hakuna mtoto atakayeuliza ya kwanza anafundisha nani. Hiyo ni njia ya heshima: kama ni lugha mpya, sema ni mpya na uipe jina. Kama ni ile ile iliyokua, basi jina ni lake. Watu wa Python walichukua umaarufu wa jina kwa ajili ya 3, ila amri yenyewe wakaacha kila mmoja ajue.

Sisi mbona hatuna shida hii? Februari 2021 stendi mpya ya mabasi ya mikoani ilizinduliwa kule Mbezi, Dar, na mabasi ya mikoani yakahama Ubungo. Leo ukimwambia bodaboda "nipeleke stendi ya mkoa" anakupeleka Mbezi. Hakuulizi ulimaanisha ya zamani au mpya. Hakwambii stendi haipo, je, ulimaanisha stendi3. Yapo mabango mahali yaliyokuwa yanasema Ubungo, na wapo wazee waliopotea wiki mbili za mwanzo, ndiyo, wakaelekezwa, yakaisha. Hakuna aliyependekeza neno stendi lifutwe mpaka wazee wote wazoee.

Ninachotaka ni kidogo. Ubuntu na Debian waweke jina python kwenye toleo la 3 tangu mashine inapowekwa, anayetaka tofauti ndiye asakinishe kifurushi. Ule waraka uache kusema kila mtu achague, useme python ni toleo linalotunzwa. Na wale wa Windows, mtu akishaweka Python yake, python3 iache kumpeleka dukani. Python3 iendelee kuwepo kwa wanaoipenda, simnyang'anyi mtu. Mwenzangu anasema nawatumia watoto wa watu kushinda ubishi wangu. Labda. Lakini yeye hakukaa kwenye ile maabara.

Alama yangu ya kipindi kile? Msimamizi aliandika: mwalimu ajaribu vifaa vyake kabla ya somo. Nilivijaribu, mzee wangu. Nilivijaribu kwenye Windows, na ilifanya kazi.

Siku ya mwisho nilibandika manila ukutani, safu ya madirishani andikeni python, safu ya mlangoni andikeni python3. Yule binti wa mbele akaisoma, akaniuliza kama wakihama viti lugha inabadilika.

Haya, foleni ya kafeteria imeshafika nje na bumu lenyewe halijatoka, nakimbilia wali maharage kabla haujaisha.